Tumbo Lisilo na Kidonda: Mhadhara juu ya IBS na Tiba Zilizomo Jikoni



Nianze na mtu ambaye wengi wetu tunamfahamu, na pengine yumo humu ukumbini. Tumbo linamsokota baada ya kula, linajaa, linanguruma mpaka anaona haya kukaa karibu na wenzake. Wiki hii anaharisha. Wiki ijayo zinapita siku tatu hajapata choo. Amepimwa choo, amepimwa damu, amepigwa picha ya utrasaundi. Majibu yote mazuri. Daktari anafunga faili na kumwambia, "Huna kitu." Mtu huyo anatoka na maumivu yale yale aliyoingia nayo, na nyumbani sasa wanaanza kusema anajidekeza. Kesho utamkuta kwa muuza miti shamba, keshokutwa kwa mganga, mtondo kwa yule anayeuza chupa ya kusafishia tumbo.

Nimekuja kusema kwamba mtu huyu ana kitu. Ugonjwa wake unajulikana. Mitaani wengine huuita chango, wengine gesi, wengine vidonda vya tumbo hata pale ambapo hakuna kidonda kilichoonekana. Hospitalini huandikwa kwa herufi tatu, IBS, nami nitautaja hivyo kwa kuwa ndivyo mtakavyoukuta kwenye karatasi zenu. Na nafuu yake kubwa inapatikana nyumbani, katika sufuria zaidi kuliko katika chupa. Ila jiko haliwezi kumtibu asiyejua kila chakula kinafanya nini kikifika tumboni.

Wataalamu wa tumbo wana vigezo viitwavyo vigezo vya Roma, na toleo lake la nne lilitoka mwaka 2016. Kwa vigezo hivyo, mwenye IBS ni yule ambaye kwa miezi mitatu iliyopita ameumwa tumbo kwa wastani angalau siku moja kwa wiki, tatizo likiwa lilianza si chini ya miezi sita nyuma. Na maumivu hayo yafungamane na choo kwa mambo walau mawili kati ya matatu: yanabadilika anapojisaidia, yanakuja pamoja na kwenda haja mara nyingi au mara chache kuliko kawaida, au yanakuja pamoja na choo kubadilika sura, kikawa kigumu kama gololi au chepesi kama uji.

Kinachougua hapa ni mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Mwaka 1973 mtafiti wa Uingereza aitwaye Ritchie aliingiza puto dogo katika utumbo mpana wa watu wenye tatizo hili na wa watu wasio nalo, akalijaza hewa taratibu. Puto lilipofika mililita 60, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliumwa. Miongoni mwa wazima walioumwa walikuwa wachache mno. Hewa ni ile ile, utumbo hauna kidonda, lakini mishipa ya fahamu ya mgonjwa ilikuwa kama kipaza sauti kilichofunguliwa mpaka mwisho: mnong'ono wa gesi unatoka ukiwa kelele. Kwa hiyo anayesema anaumwa, anaumwa kweli. Mwenye mume, mke au mtoto wa namna hii alichukue hilo aende nalo nyumbani hata kama atasahau mengine yote.

Kwa baadhi ya watu chanzo chake ni kuhara kwa zamani. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, maji ya bomba yaliingiwa na vijidudu. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na saba wakafariki. Watafiti waliwafuatilia wakazi wa mji ule, na baada ya miaka miwili hadi mitatu wakakuta kwamba zaidi ya robo ya walioharisha sasa walikuwa na IBS, ilhali kwa wasioharisha ilikuwa kama mmoja katika kumi. Walipowaangalia tena mwaka wa nane, idadi ya wagonjwa ilikuwa imepungua karibu kwa nusu. Sisi ambao kuhara huja na kila masika tuna sababu ya kuusikiliza mji huo, kwa uchungu wake na kwa matumaini yake: tumbo hili linaweza kupoa.

Sasa, kabla ya kugusa dawa yoyote ya nyumbani, hakikisha kwamba ni IBS kweli. Hapa sina huruma na mtu anayechelewa. Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila kukusudia, ukipata homa za mara kwa mara, ukiambiwa damu yako imepungua, tumbo likikuamsha usiku kutoka usingizini, ukishika uvimbe tumboni, au kama mambo haya yameanza ukiwa umevuka miaka 50, au katika ukoo wenu kuna mtu aliyeugua saratani ya utumbo, basi acha tangawizi yako pale ilipo uende hospitali. Mama aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa kwa namna asiyoizoea aombe pia kuchunguzwa ovari. Na kwetu kuna maradhi yanayojificha nyuma ya dalili hizi hizi: kichocho cha tumbo kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, minyoo, jiadia, kifua kikuu cha tumbo. Hayo hayatibiwi kwa mlo.

Liko pia jambo la vidonge vya amiba. Mtu tumbo likimsokota anakwenda duka la dawa, anapewa metronidazoli bila kupimwa choo, anameza, anapata nafuu ya siku chache, yanarudi, anameza tena. Dawa hiyo inaua amiba na jiadia kama wapo. Kama hawapo, inachoua ni vijidudu vyema vinavyokaa utumboni kwa faida yetu, na mgonjwa wa IBS anavihitaji. Ninawaomba ndugu zangu wenye maduka ya dawa: mwambieni mteja akapime kwanza.

Tuje kwenye majani, mizizi na viungo, maana najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo.

Dawa ya asili yenye ushahidi mzuri kuliko zote katika kundi hili ni mafuta ya peremende. Ndani yake mna mentoli, ambayo huilegeza misuli ya utumbo kwa kuizuia kupokea kalisi inayoifanya ijikaze. Mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2021 unayapendekeza kwa IBS. Lakini yaliyochunguzwa ni mafuta yaliyotiwa katika kapsuli yenye ganda linalovumilia tindikali, lipasukie utumboni na si katika mfuko wa chakula. Hata hivyo jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa 190, lilikuta kwamba kwa kipimo chake kikuu mafuta hayo hayakuishinda wazi dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, ingawa maumivu yalipungua kwa vipimo vingine. Basi ni msaada, si muujiza. Na nanaa tunayoipanda kwenye makopo barazani kwa ajili ya chai ni ndugu tu wa peremende. Nyingi ina mentoli kidogo sana. Chai yake ni nzuri, inatuliza, inywe. Anayesumbuliwa na kiungulia aende nayo polepole, na mafuta yenyewe asipewe mtoto mchanga.

Tangawizi tunaipenda, na kwa kichefuchefu inasaidia kweli. Kwa IBS ilipimwa Marekani mwaka 2014 kwa wagonjwa 45, na haikuishinda dawa bandia. Shamari na bizari nyembamba zilizochemshwa watu wengi huwatulizia gesi, na sioni ubaya wa kikombe kimoja baada ya chakula.

Ubaya nauona kwenye sanamaki na shubiri. Hizi mbili huisukuma misuli ya utumbo kwa nguvu. Mtu ambaye kweli choo kimefunga anaweza kutumia sanamaki kwa siku chache kwa ushauri wa mtaalamu. Lakini kumpa mtu ambaye utumbo wake tayari unaumizwa na mnong'ono wa gesi, eti umsafishe, ni kumwongezea mateso. Utomvu wa manjano wa shubiri ni mkali zaidi. Marekani iliwazuia watengenezaji kuuza dawa za choo zenye utomvu huo bila cheti tangu mwaka 2002. Chupa nyingi za kusafisha tumbo zinazouzwa stendi na kwenye simu haziandikwi zina nini ndani. Tumbo la IBS halina uchafu wa kusafishwa. Mwenye mimba asiziguse kabisa.

Mtasema: lakini fulani alikunywa akapona. Nami nawaamini. Mwaka 2008 mtafiti Ted Kaptchuk na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 262 wa IBS. Kundi moja liliambiwa lisubiri tu. La pili lilitiwa sindano bandia za Kichina, zisizoingia mwilini, na mhudumu asiyezungumza nao sana. La tatu lilipata sindano zile zile bandia, lakini mhudumu aliketi nao, akauliza, akasikiliza, akaonyesha kwamba anaelewa taabu yao. Baada ya majuma matatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili na 62 katika la tatu. Miaka miwili baadaye walifanya jambo la kushangaza zaidi: waliwapa wagonjwa vidonge wakiwaambia wazi kwamba havina dawa ndani. Asilimia 59 walipata nafuu, dhidi ya 35 kwa wasiopewa kidonge.

Naupenda utafiti huu kwa sababu unamrudishia heshima bibi aliyemkanda mjukuu wake tumbo kwa kitambaa cha moto na kumwambia, "Pole mwanangu, litapoa." Alikuwa anatibu. Utumbo na ubongo vinazungumza, na neno la upole linafika mpaka kule chini. Kitambaa cha moto chenyewe, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, hulegeza misuli. Kitumieni bila wasiwasi. Utafiti huu unawashitaki pia wale wauzao dawa za kudanganya, kwa kuwa sehemu kubwa ya kinachomponya mteja wao ni kule kusikilizwa, kitu ambacho angepaswa kukipata bure hospitalini na nyumbani kwake. Na mazoezi nayo yasiachwe: huko Uswidi, jaribio la mwaka 2011 la watu 102 lilionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya kutoa jasho mara tatu hadi tano kwa wiki walipungukiwa na dalili kuliko waliobaki na maisha yao ya kawaida.

Nataka kukaa kidogo kwenye nyuzinyuzi, kwa sababu hapa ushauri mwema uliwahi kuwaumiza watu, na habari yake imepita kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala. Ndiye ambaye saratani ya mataya ya watoto inaitwa kwa jina lake. Burkitt aliona kwamba wanakijiji wa Uganda waliokula nafaka zisizokobolewa, viazi na maharage walipata choo kingi na laini, na chakula kiliwapita tumboni haraka kuliko Waingereza waliokula mkate mweupe. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vyao, na dunia ikaanza kuhubiri nyuzinyuzi. Hadi leo nami ninazihubiri, kwa moyo, choo, sukari na mengineyo.

Ila wenye IBS walianza kuandikiwa pumba za ngano, kila mmoja, kila siku. Mwaka 1994 madaktari Francis na Whorwell wa Manchester waliwauliza wagonjwa 100 pumba hizo ziliwafanyia nini. Asilimia 55 walisema ziliwazidishia. Kumi tu walisema ziliwasaidia. Halafu mwaka 2009 Waholanzi wakaleta jibu. Waligawa wagonjwa 275 katika makundi matatu kwa majuma kumi na mawili: isabgoli gramu kumi kwa siku, pumba za ngano gramu kumi, au unga wa mchele. Isabgoli ilisaidia. Pumba hazikuonyesha faida ya maana, na wengi waliopewa waliziacha mapema kwa sababu dalili zilizidi.

Isabgoli ni maganda ya mbegu za mmea unaolimwa sana Gujarat, na maduka ya Wahindi katika miji yetu ya pwani yameiuza tangu zamani. Ikikutana na maji huvimba na kuwa ute. Ute huo hulainisha choo kigumu na hukishika choo chepesi, ndiyo maana inawafaa walioko pande zote mbili, na haichachi haraka ikaleta gesi nyingi. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku, ongeza baada ya wiki, na kila mara kunywa glasi kubwa ya maji juu yake. Ukiimeza kavu inaweza kukwama kooni. Mzee mwenye shida ya kumeza asipewe.

Basi tufike jikoni. Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, ndiko Peter Gibson na Sue Shepherd walikokusanya mwaka 2005, chini ya kifupi cha FODMAP, aina za wanga mfupi na sukari ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Zinavuta maji utumboni, kisha zinafika utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria, gesi ikatoka. Mtu mwingine hajali. Mwenye IBS anajikunja kwa maumivu. Mwaka 2014 watafiti wa huko waliwapikia wagonjwa 30 chakula chote kwa siku 21, kikiwa na sukari hizo kidogo, na siku nyingine 21 chakula cha kawaida cha Kiaustralia. Katika mlo wa kwanza dalili zilipungua karibu kwa nusu.

Orodha zao zimejaa vyakula ambavyo hatuvioni sokoni kwetu, kwa hiyo tuzisome kwa macho ya Kariakoo na Darajani. Fikirieni kifungua kinywa tunachokipenda pwani: mbaazi za nazi, mahamri na chai ya maziwa. Mbaazi zina wanga ambao binadamu yeyote hana kimeng'enya cha kuuvunja. Mahamri ni ngano, yenye wanga wa namna hiyo pia, tena yamekaangwa, na mafuta mengi huuchochea utumbo ujikaze. Mbaazi zimeungwa kwa kitunguu. Maziwa ya chai yana laktosi. Kwa mtu mwenye afya ni furaha ya asubuhi. Kwa huyu ndugu yetu ni mambo matano yanayomchokoza kwa mpigo. Kisha anasema, "Nimerogwa, maana kila nikila tu."

Habari njema ni kwamba vyakula vyetu vya msingi viko upande wake. Ugali wa mahindi, wali, mtama na viazi mviringo vinamfaa. Samaki, kuku na mayai havina sukari hizo kabisa. Mchicha, karoti, bamia kiasi, papai, nanasi, chungwa, karanga: ale. Awe mwangalifu na maharage, kunde, mbaazi, mkate na chapati, kitunguu maji na kitunguu saumu, embe, tikiti maji, tende nyingi, na korosho, najua itawauma watu wa Mtwara. Ndizi isiyoiva sana ina wanga huo kidogo kuliko iliyoiva mpaka ikatoa madoa.

Na mapishi yanabadilisha mengi. Wanga wa kitunguu huyeyuka katika maji lakini hauyeyuki katika mafuta. Kaanga kitunguu au kitunguu saumu kikiwa vipande vikubwa, kitoe chote, kisha endelea kupika kwa mafuta yale: ladha imebaki, wanga umetoka. Usikichemshe kwenye mchuzi na kukitoa, kwa kuwa hapo wanga umekwisha kuingia kwenye mchuzi. Majani ya kijani ya kitunguu nayo yanafaa. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, kisha pika. Sehemu nzuri ya wanga huo inakwenda na maji. Mama zetu walifanya hivyo, na walikuwa sahihi.

Maziwa yana habari yake. Watu wazima wengi wa jamii zetu hupoteza kimeng'enya cha laktosi baada ya utoto. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliochunguza watu wa makabila 43 kutoka Tanzania, Kenya na Sudani, walionyesha kwamba katika jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki yalijitokeza mabadiliko ya vinasaba yanayokiacha kimeng'enya hicho kifanye kazi maisha yote. Basi jirani yako Mmasai anaweza kunywa kibuyu kizima na kulala vizuri, wewe glasi moja ikakukesha. Kwa wiki mbili acha maziwa freshi, tumia mtindi, ambao uchachu wake umekwisha kula sehemu ya laktosi, uone.

Ninachokikataa kwa nguvu zote ni mtu kusikia haya, akaenda kuacha kila kitu maisha yake yote. Mlo huu una hatua. Majuma manne, yasizidi sita, unapunguza vyakula hivyo vyote. Usipoona tofauti yoyote, rudi kwenye chakula chako, shida yako iko kwingine. Ukipata nafuu, unarudisha kimoja kimoja: siku tatu za kunde, ukianza na kidogo na kuongeza, kisha unapumzika, halafu mkate, halafu maziwa, halafu kitunguu. Andika kwenye daftari ulichokula, saa, na tumbo lilivyojibu. Watu wengi hugundua kwamba adui zao ni wawili au watatu tu, na hata hao wanavumilika kwa kiasi. Maharage na ngano hulisha bakteria wema wa utumbo, na wanaokaa kwenye mlo huu kwa muda mrefu bakteria hao huwapungua. Watoto, wajawazito, na yeyote aliyekonda au aliyewahi kuogopa kula wasiufanye bila mtaalamu wa lishe.

Na katika nyumba zetu ambako watu wanane wanakula sinia moja, usimpikie mgonjwa chungu chake pembeni kama aliyetengwa. Pika wali wa wote. Kaanga samaki wa wote. Mchuzi uunge kwa mafuta yaliyokwisha kutolewa kitunguu, hakuna atakayelalamika. Maharage yawekwe kwenye bakuli lao, anayetaka ajichotee, na mgonjwa naye ajichotee vijiko viwili siku ile daftari lake linaporuhusu.